Kanda ya kupamba ya mama

Mama alifanyiwa kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi, mwaka 1994, nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Kanda ya video ya usiku ule ni ya wanawake watupu: mabuibui yamewekwa kando, nywele wazi, vikuba vya asumini vifuani. Kuipeleka studio, kijana akae nayo saa tatu akiitazama ndipo aigeuze iwe faili la kompyuta, mama alikataa katakata. Nami sikumlaumu. Ikabidi nijifunze mwenyewe.

Deki ya kuchezea kanda tunayo, ami aliileta kutoka Jeddah zamani. Nyuma ina matundu matatu: la njano la picha, jeupe na jekundu ya sauti. Runinga ya ukutani ina HDMI peke yake, tundu la kisasa linalopitisha picha na sauti kwa waya mmoja. Nikaenda barabara ya Digo, nikaomba kisanduku cha kuunganisha waya hizo tatu na HDMI. Nikapewa. Kufika nyumbani nachomeka, runinga kiza.

Jioni nzima nilibadilisha waya. Halafu nikakigeuza kisanduku nikasoma maandishi yake madogo: tundu la HDMI limeandikwa ni la kuingizia, yale matatu ni ya kutolea. Kilikuwa kizima kabisa, ila kazi yake ni kinyume na niitakayo. Visanduku hivi viwili vinafanana umbo na matundu, lakini picha hupita upande mmoja tu. Waya wa njano unabeba umeme unaopanda na kushuka, mstari mmoja wa picha baada ya mwengine. HDMI inabeba tarakimu. Kisanduku nilichokihitaji kina chipu ya kuupima umeme ule mamilioni ya mara kwa sekunde, kutenga mwanga na rangi, kisha kuikuza picha ifike mistari 720 au 1080. Ndiyo maana nacho kinataka umeme wake, na ndiyo maana ule waya mtupu wenye HDMI huku na rangi tatu kule, usio na kisanduku katikati, msiununue kwa kazi hii.

Kisanduku cha sawa kikaleta picha, lakini nyeusi na nyeupe. Hapa ndipo nilipohangaika zaidi, nikidhani kanda imekufa rangi. Nyuma ya deki kuna swichi ya mfumo wa rangi za televisheni, maana nchi zilitofautiana: PAL, MESECAM (ya kanda za SECAM), NTSC. Kenya wakati ule tulitumia PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Saudia enzi zile walikuwa na SECAM, na swichi ilikuwa imebaki kwenye MESECAM tangu Jeddah. Nikaisukuma kwenye PAL. Leso zikawa nyekundu, hina ikaonekana mikononi mwa mama.

Watu walikuwa wamepanuka mapaja na mashavu. Nikairudisha runinga kwenye 4:3, umbo la picha za runinga za zamani, wakawa sawa. Kurekodi, nilichomoa HDMI kwenye runinga nikaitia kwenye kijiti cha USB kinachoingia kwenye laptopu, nikatumia OBS, programu ya bure. Hakuna kuharakisha: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu. Pale palipojikunja picha ilikatika ikawa buluu, kwa sababu kisanduku kikipoteza mapigo yanayoonyesha kila mstari unapoanzia hukata kabisa, tofauti na zile runinga za mgongo zilizovumilia. Nikarudisha nyuma, nikaigeuza trakingi ya deki, kirekebishi cha kukilinganisha kichwa na kanda, taratibu, mara ya tatu ikapita.

Mama aliketi nami muda wote. Bibi alipotokea, akimweka sawa asumini shingoni, mama aliniambia, "Mwanangu, simamisha hapo." Bibi tulimzika miaka kumi iliyopita.

Zimebaki kanda mbili. Zimeota ukungu mweupe ukingoni, unyevu wa pwani huu, na sitazitia kwenye deki kabla ya kuzisafisha, maana ukungu ukifika kwenye kichwa cha deki utaziharibu na nyengine. Hiyo iliyokamilika ipo kwenye diski ngumu ndani ya kabati la mama. Kwenye simu haikuingia, wala haitaingia. Hilo ndilo sharti alilonipa kabla sijachomeka waya wa kwanza.