Nilivyoitoa sauti ya kodiani kwenye gita la umeme hapa Malindi

Mtu akikwambia "hiyo mashine ya kugeuza sauti ya gita mbovu, nunua kinanda tu", muulize kama yeye kashawahi kuipiga. Mie niliambiwa hivyo na kila mtu, mpaka fundi mmoja akaja na drili kabisa, eti ile pikapu, kidude cha kunasa mtetemo wa nyuzi, lazima ikazwe kwa skrubu. Gita langu! Pikapu hiyo, GK-3, inashikizwa kwa selotepu ya pande mbili, hutoboi kitu.

Mashine yenyewe ni sintesaiza ya gita (yasikia noti unayopiga na kuitoa kwa sauti ya ala nyingine), Roland GR-55, toleo la 2011, niliipata ya mtumba kupitia jamaa wa Mombasa. Bei ni ya pikipiki kuukuu hivi, na waya wa pini 13 wa kutoka pikapu hadi mashine ukalipiwa mbali.

Sasa utamu. Nyuzi nyembamba zilikuwa zaitika vizuri, lakini nikigusa zile nene sauti yachelewa, na manoti ya kishetani yajitokeza yenyewe. Huyu asema stima ndogo, yule asema nyuzi mbovu, nikabadili nyuzi, nikabeba kila kitu mpaka kwa jirani mwenye jenereta, wapi! Uzi wa 6, ule mnene kuliko zote, usipobanwa unatetema kama mara 82 kwa sekunde, yaani wimbi moja lachukua milisekunde 12 hivi, na sintesaiza haijui noti gani mpaka isikie walau wimbi zima. Uzi wa 1, ule mwembamba kabisa, unatetema kama mara 330, wimbi lapita kwa milisekunde 3. Fundi gani atatengeneza hilo? Basi nikaachana na nyuzi nene, mistari ya bezi nikaipiga kwenye zile nyembamba, mashine nikaiseti ishushe oktavu. Mpiga tumba alinikodolea macho, vidole viko huku kwenye uzi mwembamba na bezi yaunguruma kama lori la chumvi la Gongoni, akauliza nani anapiga.

Lakini mkitaka gita la aina nyingine, sio kodiani wala fidla, tumieni modelingi ya humo humo. Ile haitafuti noti, inachukua mtetemo wa uzi wenyewe na kuubadilisha, kwa hiyo haikawii.

Manoti ya kishetani nayo: bana uzi kwenye feti ya mwisho (kile kichuma cha shingoni kilicho karibu na pikapu), halafu kati ya pikapu na uzi pitisha kadi ya benki pamoja na karatasi ya daftari iliyokunjwa, ndiyo nafasi yako ya milimita moja inayotakiwa. Kisha kipande cha leso (nilikichana kwa mke wangu, bado ananidai) nikakifunga kichwani mwa gita, pale nyuzi zinapopita kwenda kwenye funguo za kuzikazia, zikaacha kuimba ovyo. Na usipige kwa fujo.

Kodiani haidonolewi, inavuta pumzi. Piga noti pedali ya sauti ikiwa imefungwa, uifungue polepole. Harusini Maweni kina mama wa mbele walinyanyuka wamtafute mpiga kodiani, mie nimekaa zangu kando na gita nakata tu.

Nyuzi ziwe za chuma, za nailoni pikapu hii haizisikii kabisa, na kwa hewa hii ya chumvi pangusa kila ukimaliza kupiga maana uzi wenye kutu hautambuliki vizuri. Drili muachieni seremala.