Kanzu ya baba

Simu ya ami iliingia saa tisa usiku, mwaka 2008. Hakuzunguka: "Mwanangu, baba yako ametutangulia. Tunazika baada ya alasiri, wahi." Alfajiri nilikuwa Ubungo natafuta basi la kwanza la Tanga. Begini mlikuwa na nguo mbili tatu na kanzu ya baba, ile aliyoniachia nimpelekee fundi kwa kuwa shingo ilikuwa imefumuka. Nikaliweka begi chini nihesabu nauli. Wapiga debe wawili wakanivuta huku na huku, kila mmoja na basi lake, na nilipoinama begi halikuwepo. Sikupiga kelele. Nilipanda mikono mitupu, hadi Segera sijamwambia mtu neno.

Mazikoni nilivaa kanzu ya ami, mikono yake ikinipita vidole. Mama hakuniuliza habari ya begi, nami sikumwambia mpaka matanga yalipoanuliwa.

Niliporudi kazini nikapewa fomu ya kueleza siku nilizokosekana. Kiingereza kitupu, na juu ya mstari wa sababu limeandikwa neno "bereavement". Nilijua ni msiba, ila sijui kwa nini siku ile lilinikera. Nikalifuata kwenye kamusi nene ambayo ofisini kwetu kazi yake ilikuwa kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Kumbe asili yake ni wizi. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, "reafian" ni kupora, na "bereafian" ni kumpora mtu kitu chake. Mfiwa wa Kiingereza, basi, ni mtu aliyeporwa. Nikacheka peke yangu. Kisha nikasoma mbele kidogo, cheko likakatika: "reaf", ya ukoo huohuo, ilikuwa ngawira, na ilikuwa pia nguo. Zamani hizo aliyeuawa vitani alivuliwa alichovaa. Wafaransa nao walilipata neno la ukoo huo kutoka lugha za Kijerumani za kale, wakalifanya "robe", joho, likaingia Uingereza na sasa wanalivaa majaji. Ndugu yake ni "rob", kuiba.

Nikawaza kanzu ya baba iko mgongoni kwa nani.

Nikafungua na "lose". Hapo kale kitu ndicho kilichopotea, kikampotea mwenyewe, kama tunavyosema fedha zimenipotea. Baadaye Waingereza wakaligeuza: mtu ndiye anayepoteza, hadi wafu wake. Siku hizi na redio zetu zinatangaza "tumempoteza". Silipendi neno hilo. Utadhani baba nilimwacha stendi. Begi niliibiwa, baba nilifiwa. Lakini hata hapo nikakwama, maana kuibiwa na kufiwa yana mkia mmoja: mwenye kuiba na mwenye kufa wote wameshaondoka, na wewe ndiye uliyebaki na habari.

Mzee wa masijala alinikuta nimechuchumaa mlangoni, kamusi mapajani.

"Fomu bado?"

"Bado, mzee."

"Andika msiba, mwanangu. Watakuelewa."

Nikaandika msiba. Kamusi nikairudisha chini haraka, mlango ulikuwa umeshaanza kujifunga.