Nilivyozielewa tamathali za semi za Kiingereza

Nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, mchana niliuza mitumba katika soko la Memorial hapa Moshi na jioni nilihudhuria masomo ya ziada. Katika jaribio moja tuliulizwa kuhusu hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Julius Caesar katika tamthilia ya Shakespeare. Kwa kuwa Antony, rafiki wa Caesar, anarudia mara kwa mara kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, ni mtu wa heshima, nilijaza ukurasa mzima nikieleza jinsi alivyomsifu Brutus. Nilipata alama mbili kati ya ishirini, ingawa maana ya kinaya, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha, nilikuwa nimeikariri kwa Kiingereza neno kwa neno.

Jirani yetu wa Pasua ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilimwamkia, nikampa karatasi yangu, naye akaisoma yote kabla ya kuniuliza, "Mwanangu, siku uliyochelewa kurudi hadi saa tatu usiku, mama yako akakupokea mlangoni na kusema, 'Karibu mgeni wetu, mbona umewahi hivi,' ulimjibu asante?" Nikasema hapana, niliinamisha kichwa nikapita. "Basi kinaya ulikijua tangu utotoni. Ulichokosa ni kukitambua kikivaa nguo za Kiingereza."

Aliniazima tafsiri ya tamthilia hiyo aliyoifanya Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, akanitaka niisome sambamba na ile ya Kiingereza. Aliniagiza pia ninunue kaunta buku, na kwamba kila ninapokutana na tamathali nisianze na jina lake, bali niandike kwanza sentensi ya Kiswahili tunayoisema sisi wenyewe ambayo inafanya kazi ileile. Jina lifuate baadaye.

Agizo hilo ndilo lililonifungua macho. Chini ya tashihisi niliandika kwamba mlima leo umejifunika, kama tunavyosema asubuhi Kilimanjaro inapopotea katika mawingu. Mwalimu akanionyesha kwamba neno tashihisi na neno shakhsia yana asili moja ya Kiarabu yenye maana ya mtu, kwa hiyo jina lenyewe linaeleza kuwa kitu kimepewa utu. Sitiari nayo inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima, na "metaphor" ya Kiingereza imetoka katika Kigiriki ikiwa na maana ya kuhamisha. Kote wazo ni kwamba jina la kitu kimoja limechukuliwa likapelekwa kwa kingine. Tangu siku hiyo sikuhitaji tena kukariri tofauti yake na tashbihi, ambayo hulinganisha waziwazi kwa maneno kama vile "kama" na "mithili ya". Mubalagha, yaani kutia chumvi, na takriri, yaani kurudiarudia maneno, hazikunichukua muda.

Iliyonishinda kwa wiki nzima ni litotesi, ile namna ya kusisitiza jambo kwa kukanusha kinyume chake. Waingereza huipenda mno: mtu huweza kusema kitu si kibaya, kumbe amekifurahia sana. Nilikuwa nikiamini kwamba Kiswahili hakina mtindo huo, mpaka jioni moja mama mwenzangu wa pale sokoni alipofunga hesabu ya siku aliyouza vizuri kuliko zote za mwezi ule, akafunika fedha zake kwa kitenge na kusema, "Leo si haba." Niliandika maneno hayo kwenye kaunta buku kabla sijafunga meza yangu.

Hata hivyo, ulinganifu huu wa Kiswahili na Kiingereza una mipaka. Neno "irony" la Kiingereza ni pana: lipo la maneno, kama lile la Antony, lipo la matukio, ambapo mambo yanageuka kinyume cha matarajio, na lipo la jukwaani, ambapo watazamaji wanajua jambo ambalo mhusika halijui. Hili la tatu nilikuwa nikilipita bila kuliona.

Nilipoirudia tamthilia ndipo nikafika mahali ambapo Caesar, asubuhi ya kifo chake, anawakaribisha ndani wale waliopanga kumuua ili waonje mvinyo, kisha waondoke pamoja kama marafiki. Sisi wasomaji tunajua wamekuja kufanya nini, yeye hajui. Lakini ndani ya kinaya hicho kuna tashbihi, nayo imekaa juu ya neno dogo "kama", na Brutus analishika hilohilo: anajisemea pembeni kwamba si kila "kama" ni sawa, na moyo wake unaumia kulifikiria. Nilipigia mstari neno hilo katika vitabu vyote viwili, na safari hii niliandika kwanza linafanya nini pale lilipo, kisha nikaandika jina.