Sapu ya ini niliyoisomea Ujiji

Sapu yangu, yaani mtihani wa kurudia, ilikuwa swali moja tu: eleza jinsi ishara za seli zinavyolifanya ini likue tena baada ya kuumia. Mara ya kwanza nilimwaga herufi zote nilizokariri kwenye desa (nukuu zangu za masomo), IL-6, HGF, STAT3, YAP, vifupisho vya protini zinazopeleka ishara, bila kujua nani anamtuma nani. Nikaambulia alama 4 kati ya 20. Likizo nikaenda Ujiji kwa shangazi, desa begini.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakata mgomba uliokwishazaa. Nikamsimulia kwamba panya akiondolewa theluthi mbili za ini, uzito wa ini hurudi ndani ya wiki moja hivi. Higgins na Anderson walieleza jaribio hilo mwaka 1931.

"Si kama mgomba tu, mwanangu? Unakata huu, chipukizi linapanda."

Nilitaka kuitikia, nikasita. Ini halitoi chipukizi. Ndewe ya ini, yaani sehemu yake, iliyokatwa hairudi. Zinazonenepa ni zile zilizobaki. Sasa seli zilizobaki, ambazo zilikuwa zimetulia tuli, zinapashwa habari na nani?

Nikaokota mkaa, nikachora kwenye sementi ya ua. Damu ya utumboni huleta mabaki ya bakteria. Seli za Kupffer, walinzi wa mwili wanaoishi ndani ya ini, huyahisi na kutoa protini za ishara TNF na IL-6. IL-6 hushika kipokezi cha seli ya ini, kimeng'enya JAK kinaipachika STAT3 fosfeti, nayo inaingia kwenye kiini kuwasha jeni. Hapo seli imeamka tu, haijaanza kugawanyika! Hapa ndipo nilipokuwa nachanganya siku zote. Wa kuisukuma igawanyike ni HGF, protini ya kuchochea ukuaji, ikishika kipokezi c-Met, ikisaidiwa na mwenzake EGF. Ishara ya Wnt nayo inachangia, lakini sikuipa muda.

Mgebuka (samaki) nilioachiwa jikoni uliungua upande mmoja. Nilisemwa vizuri tu.

Jioni nikachora breki: protini TGF-beta huzuia mgawanyiko, na njia ya ishara iitwayo Hippo huifungia YAP, inayochochea ukuaji, nje ya kiini ini likishatosha. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu, maana kukua bila kujua pa kukomea ni saratani.

Kwenye mtihani nilichora kwanza, maneno baadaye. Nikapata 14. Ile michoro ya mkaa nilikuwa nimeshaisugua kwa brashi na sabuni ya unga kabla ya kupanda treni. Shangazi hakutaka wageni waukute ua wake vile.