Mzee aliyekuja kuitafuta Amdo

Hii ilikuwa 2007, nasoma Uingereza na jioni nafanya kibarua kwenye maktaba ya chuo, kazi yenyewe kurudisha vitabu kwenye rafu na kukaa kaunta bosi akienda kunywa chai. Siku hiyo akaja mzee mmoja wa Kitibeti, nadhifu sana, akauliza tuna nini kuhusu Amdo. Nikaandika Amdo kwenye kompyuta. Vikaja vitu vichache, tena vingine ni habari za ile reli ya kwenda Lhasa, mji mkuu wa Tibet, iliyofunguliwa mwaka uliopita, maana kuna wilaya inaitwa Amdo huko Nagqu na treni inapita hapo. Mzee akatikisa kichwa, hapana kijana, hiyo ni wilaya tu, mimi nataka Amdo yenyewe, kwetu.

Na Amdo yenyewe ni kubwa balaa, ni upande wote wa kaskazini mashariki wa nyanda za juu za Tibet, hata Dalai Lama wa sasa kazaliwa huko, kijiji cha Taktser, 1935. Ila kwenye ramani ya serikali ya China huioni, imegawanywa kwenye mikoa, sehemu kubwa iko Qinghai, nyingine Gansu, nyingine Sichuan, sasa mwandishi wa Kiingereza akifuata ramani hiyo basi Amdo imeishia hapo.

Nikakumbuka mambo ya huku kwetu, ukiitaka Bujumbura kwenye vitabu vya wakoloni lazima uitafute Usumbura, nikamwambia mzee hebu tujaribu majina ya zamani. Weee, alichangamka! Akavuta kiti akaja upande wangu wa kaunta (marufuku kabisa, lakini bosi hayupo). Tukaanza na Qinghai. Tukaandika Koko Nor, jina la Kimongolia la lile ziwa kubwa la Qinghai ambalo wasafiri wa zamani walilibebesha eneo zima, vitabu vikaja. Tsinghai, Qinghai hiyohiyo kwa tahajia ya zamani ya posta ya China, vikaja vingine. Ch'ing-hai, tahajia ya zamani ya maktaba, na kale kaalama ka juu, ukikasahau hupati kitu. Maktaba ya Bunge la Marekani ilihamia pinyin, tahajia rasmi ya China kwa herufi za Kilatini, mwaka 2000 na sisi tukafuata nusunusu, kwa hiyo Qinghai ilikuwa na vitabu vipya, vya zamani vimebaki kulekule kwenye Ch'ing-hai. Labrang, ile monasteri kubwa iliyoanzishwa 1709, baadhi iko kwa jina lake na baadhi imejificha kwenye Xiahe, jina la Kichina la mji. Kumbum nayo, monasteri nyingine, usisahau jina lake la Kichina, Ta'er. Yaani ukiona tu tahajia unajua mwandishi alipitia mlango wa nani, wa Wamongolia, wa misheni au wa serikali, wenyewe wa Amdo ndo kama hawakuulizwa.

Bosi akarudi akatukuta tumebanana pale. Nikamwuliza kwa nini Amdo isiwe mada yake yenyewe kwenye orodha ya maktaba, akasema eti pale yanaingia majina ya kiutawala, mikoa na wilaya. Mzee akamwambia kwa upole kabisa, samahani mama, Sahara ni mkoa wa nchi gani? Maana nimeiona hapo kwenye orodha yenu.

Bosi akacheka mwenyewe, akakubali tuweke Amdo, "tazama pia" Qinghai, Gansu, Sichuan. Mzee akashukuru, halafu akatoa kikaratasi mfukoni, haya sasa twende Ngawa, sehemu nyingine ya Amdo, nyie mnaiandika Ngaba, na Aba pia. Bosi akaangalia saa.