Mwani wa nywele kwenye tangi la maji ya chumvi: wavu uliokwaruzwa ndio dawa

Nyuzi za kijani zilifunika mawe, ziking'olewa zinarudi, huku vipimo vya naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyolisha mwani, vikionyesha sifuri. Sifuri hiyo isikudanganye: mwani umeshavila virutubisho hivyo. Kusugua, kupunguza mwanga na kuongeza konokono kulisaidia kidogo tu.

Kilichofaa ni kuuotesha mwani kwingine, ule virutubisho huko badala ya kwenye mawe. Ning'iniza wavu wa plastiki wenye upana wa sentimita 20 juu ya tangi la chini (tangi la pili la kuchujia maji, lililo chini ya tangi kuu), uingie kwenye mwanya uliochanwa kwenye bomba, maji yateremke pande zote mbili. Pampu itoe takriban lita 1,000 kwa saa, yaani 50 kwa kila sentimita ya upana. Taa nyekundu za LED ziwake saa 18 kwa siku.

Lakini wavu laini haushiki kitu. Mwani ukianza kuota unasombwa na kurudi tangini. Ukwaruze kwa meno ya msumeno, pande zote, mpaka ukipitishiwa kitambaa unase. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mwanzoni utatoka ute wa kahawia, usijali. Kila wiki uparuze chini ya maji ya bomba, ukibakiza utando mwembamba wa kuchipua upya.