Siku za mwizi

Nilikuwa kidato cha pili, skuli imefungwa kwa likizo, na kijijini kwetu kaskazini ya Pemba karafuu zilikuwa zimezaa hasa. Mchana tuko mikarafuuni. Jioni tunachambua, wakubwa kwa wadogo tumelizunguka fungu, karafuu huku, makonyo kule. Vidole vilituiva rangi, na daftari langu la hesabu lilinukia karafuu mpaka mwisho wa mwaka.

Maalim wetu wa hesabu alitupa kazi moja tu ya likizo. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, toa namba ile ile, kisha ongeza 41. Ukianza na 1 unapata 41. Ya 2 inaleta 43, ya 3 inaleta 47, ya 4 inaleta 53, ya 5 inaleta 61. Zote namba tasa, hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akauliza: je, ndivyo itakavyokuwa siku zote?

Kazi ile ilinikaa rohoni. Usiku wenzangu wakishalala nasogeza kandili, napiga hesabu sakafuni. Maalim alikuwa ametufundisha njia ya kupunguza taabu: namba ikigawika, basi kimoja katika vigawanyo vyake viwili lazima kiwe kidogo, kikizidishwa kwa chenyewe kisiipite namba ile, kwa hiyo hata ukifika kwenye 1600 na kitu, inatosha kujaribu namba tasa mpaka 37. Nilikwenda hivyo usiku baada ya usiku. Ya 40 ilinipa 1601. Nikaigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, nikapanda mpaka 37, ikaingia mara 43 ikabaki 10. Nikafunga daftari. Mara arubaini, na hata moja haijakataa! Nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu.

Siku ya pili baada ya laasiri maalim akapita kwetu. Bibi alikuwa uwanjani anageuza karafuu kwenye majamvi.

"Hodi, bi mkubwa."

"Karibu maalim, karibu. Mwanafunzi wako huyu ananimalizia mafuta ya taa kwa kazi yako."

Nikamletea daftari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kinashuka na mistari. Mpaka leo namshukuru kwa hilo, maana alikuwa anajua tangu ukurasa wa kwanza itakwishaje.

"Umefanya kazi, mwanangu. Na ya 41?"

Nikamwambia nimeshajaribu arubaini, zote zimekubali, ya 41 itakuwa na nini?

"Hebu itaje."

Nikaanza: 41 mara 41, utoe 41, uongeze 41... Sauti ikanikatika. Nilichokitoa nimekirudisha. Imebaki 41 mara 41, yaani 1681, namba inayogawika kwa 41 waziwazi. Kalamu haikuhitajika.

"Siku za mwizi arubaini," akasema maalim, taratibu, bila kunicheka.

Nilikaribia kulia. Akanikalisha kwenye ukingo wa baraza, akanieleza kwamba namba zile ziliandikwa na Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, mwaka 1772, na kwamba watu wazima wenye elimu zao wamewahi kudanganywa na mifano zaidi kuliko nilivyodanganywa mimi. Baadaye nilikuja kuona alivyosema kweli: Euler mwenyewe, mwaka 1769, alidhani kwamba namba nzima iliyopandishwa kipeo cha tano (kama 2 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2) haiwezi kupatikana kwa kujumlisha vipeo vya tano vinne tu. Dhana ile ilisimama miaka 197. Mwaka 1966 Lander na Parkin wakatafuta kwa kompyuta mfano wa kuivunja, wakapata 27, 84, 110 na 133. Vipeo vyao vya tano ukivijumlisha unapata kipeo cha tano cha 144. Mfano mmoja, basi.

Bibi, aliyekuwa anasikiliza muda wote, akauliza: "Lakini maalim, mbona karani wa karafuu anachota gao moja, analitazama, na gunia zima linapata daraja lake?"

Maalim aligeuka akamkabili vizuri. "Hilo ndilo suali, bi mkubwa. Gunia lina mwisho, na karani anakubali kukosea kidogo. Namba hazina mwisho. Gao lolote utakalochota ni kama hujachota kitu."

Suali la bibi nimelibeba muda mrefu. Miaka mingi baadaye, nikisoma hesabu za uwezekano, nilikutana na kazi ya mwanahisabati Jakob Bernoulli. Yeye alithibitisha kwamba ukizidi kuchota, kila mara bila upendeleo, sehemu ya karafuu mbovu unayoiona mkononi itaikaribia sehemu ya mbovu iliyomo, na uwezekano wa kukosea sana unapungua utakavyo. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Kwa hiyo hata gao la karani limeegemea theoremu. Siku ile sikuwa na neno hilo. Darasani tulisema nadharia, na neno nadharia limetuponza wengi, kwani mitaani nadharia ni jambo la mdomoni tu, lisilofika kwenye vitendo, kumbe theoremu ni kauli iliyokwishafungwa, haina pa kutorokea.

Maalim akaokota karafuu jamvini. Akaweka moja kwenye saruji. Akaizungushia tatu, moja juu, moja pembeni, moja ya kona: nne, mraba wa mbili kwa mbili. Akaongeza tano kwa namna ile ile: tisa. Akaongeza saba.

"Namba witiri," nikasema. "Kila ukijumlisha kuanzia 1 unapata mraba."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Nne."

"Unataka kujaribu arubaini?"

Nikatazama. Mraba wa tano kwa tano, ukitaka uwe wa sita kwa sita, unaongeza tano juu, tano pembeni, na moja ya kona. Kumi na moja. Mraba wowote, wa mia, wa milioni, unaongeza ubavu wake mara mbili na moja ya kona, na hiyo kila mara ndiyo witiri inayofuata. Mwizi hakuwa na pa kujificha. Nilihisi joto kifuani, furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa jawabu lolote.

"Sikujaribu," nikamwambia. "Naiona."

Nilikuwa nimeupanga wa sita kwa sita, karafuu 36, vichwa vyote vinaelekea kibla, wingu lilipofunga upande wa baharini. Bibi akapiga ukelele, majirani wakaja mbio, maalim akavua kofia akashika ncha ya jamvi pamoja nasi. Tuliingiza yote kabla ya tone la kwanza. Bibi akarudi peke yake uwanjani, akainama, akazoa zile 36 kwa kiganja na kuzitia kwenye pakacha pamoja na nyenzake.